Kaza Tu, Nifike Lushoto

Toyota Probox imesimama pembeni ya stendi ya Kange, Tanga, tairi la mbele kushoto liko hewani. Fundi amelishika juu na chini, analisukuma na kulivuta, nalo linacheza: ko, ko, ko. Abiria wameshuka wakajibanza kwenye kivuli. Mizigo bado imefungwa juu ya paa. Dereva anatazama simu yake kila baada ya muda mfupi.

"Beringi imekwisha hii, kaka," fundi anasema, akimaanisha zile pete zenye gololi zinazofanya gurudumu lizunguke kirahisi.

"Najua, fundi. Kaza tu, nifike Lushoto. Kesho nikishuka tunabadilisha."

Fundi anachomeka boksi spana namba 30, anaongezea bomba refu kwenye mpini, kisha anapanda juu ya bomba kwa uzito wake wote. Nati inalia na kusogea robo mzunguko. Anashika tairi tena, analitikisa. Sasa halichezi, au linacheza kidogo sana.

"Imeshika, kaka. Nenda."

Wiki kadhaa zimepita, na ile robo mzunguko ya nati haijanitoka kichwani. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna aliyemdanganya mwenzake pale. Fundi aliona mchezo umepungua, na kweli ulikuwa umepungua.

Gari ikapanda mlima na watu ndani.

## Nati ya kupanga na nati ya kubana

Tanga ni mji wa baiskeli, na wengi waliokulia Ngamiani walizijua beringi kabla ya kulijua gari. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya mbele ya baiskeli huwa na gololi 10 kila upande, za inchi 3/16. Ya nyuma huwa na 9 kila upande, za robo inchi. Tairi likiyumba unakaza koni, unairudisha nyuma kidogo, unaifunga kwa nati ya pili. Kipimo ni mkono wako: ukikaza mno tairi linazunguka kwa shida, ukilegeza linayumba.

Elimu hiyo ni sahihi, na kwa miaka mingi ilihamia kwenye magari bila kuleta madhara. Land Rover za zamani, magurudumu ya mbele ya Hiace za miaka iliyopita, malori na matrela, yote hayo hutumia beringi za rola zenye umbo la koni, aina ambayo Henry Timken alipewa hataza yake Marekani mwaka 1898. Kila habu ina beringi mbili zinazotazamana, na nafasi ya rola ndani yake huwekwa na fundi mwenyewe. Anakaza nati huku akizungusha gurudumu ili rola zikae mahali pake, anailegeza, kisha anaikaza tena kwa wepesi na kuifunga kwa washa au spliti pini. Kwenye habu za lori, nafasi inayotakiwa kubaki ni kati ya milimita 0.025 na 0.127. Nati hiyo ni ya kupanga, na tairi likicheza kidogo kwa sababu nati imelegea, kukaza ndiyo dawa.

Probox si hivyo. Wala IST, wala Vitz, wala Corolla ya kuvutwa na magurudumu ya mbele.

Humo mbele kuna beringi moja nene yenye safu mbili za gololi, iliyosindiliwa kwa presi. Pete yake ya ndani ni vipande viwili vinavyokutana uso kwa uso. Nati ya shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, kazi yake ni kuvibana vikutane, na vikishakutana hakuna tena cha kupanga. Nafasi ya gololi ilikwisha kuamuliwa kiwandani, pete zilipokuwa zinachongwa kwa vipimo vya sehemu za elfu za milimita. Kama tairi linacheza na nati imekazwa inavyotakiwa, basi chuma cha njia ya gololi ndicho kilicholika. Spana haiwezi kurudisha chuma kilicholika.

Kwa nini basi mchezo ulipungua pale Kange?

Kwa sababu chuma nacho hubanika. Kwenye Corolla na ndugu zake wengi nati hiyo hukazwa kwa newtonmita 216, sawa na kuning'iniza kama kilo 22 mwishoni mwa bomba la mita 1. Mtu wa kilo 70 akipanda mwishoni mwa bomba hilo anaweka zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Pete za ndani zinabanwa hadi zinasinyaa kidogo mno, meno ya shafti yanavutika, na ile nafasi iliyokuwa inasikika mkononi inafunikwa. Uchakavu uko palepale. Kilichoongezeka ni kwamba gololi sasa zinapita kwenye njia iliyobanduka zikiwa zimebanwa kuliko mwanzo, na joto litapanda haraka zaidi.

Nimejiuliza pia: na kama nati ilikuwa imelegea kweli? Hutokea. Mtu amebadilishiwa buti ya shafti, nati ikarudishwa kwa kukisia, spliti pini ikasahauliwa au ukingo wa nati haukugongwa kuingia kwenye mfereji wake. Hapo kukaza kwa kipimo ni lazima. Lakini gari ikiwa imetembea hivyo, vipande vya pete ya ndani vilikuwa vimeachana, na gololi zilikuwa zinapanda ukingoni mwa njia yake badala ya kupita katikati. Beringi ya namna hiyo siiamini na abiria ndani, hata ikinyamaza.

## Breki ndiyo ya kwanza kusaliti

Ukizungumzia beringi mbovu, watu huwaza tairi kuchomoka. Linaweza kuchomoka, tutafika huko. Ila kabla ya hapo kuna hatari ambayo haitajwi sana, na barabara ya Mombo kwenda Lushoto imeumbwa kwa ajili yake.

Diski ya breki imefungwa kwenye habu. Habu ikiyumba, diski nayo inayumba, na inazisukuma pedi mbali na mahali pake. Dereva anaingia kwenye kona akishuka, uzito wa gari unaegemea gurudumu la nje, habu inalala, diski inazipiga pedi kumbo na kuirudisha pistoni ndani. Anatoka kwenye kona, anakuta lori mbele, anakanyaga breki. Mguu unazama.

Anakanyaga mara ya pili, breki inashika. Akifika atamwambia fundi breki zina hewa. Zitatolewa hewa, na tatizo litabaki.

Kile kitambo cha mguu kuzama, kwenye mteremko unaoshuka kutoka karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kona kwa kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine, ndicho kinachonitisha kuliko kelele yoyote. Na mteremko wenyewe unaongeza shida: joto la breki linaingia kwenye habu, grisi inakuwa nyepesi na kutafuta njia ya kutokea. Ikipita kwenye sili iliyochoka inaweza kufika kwenye diski au ndani ya ngoma, na breki ya upande mmoja ikateleza.

Kwenye magari yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, kuna dalili nyingine. Sensa inasoma mzunguko wa gurudumu ikiwa karibu sana na pete yake, na habu ikiyumba umbali huo hubadilika. Taa ya ABS inawaka na kuzimika bila sababu inayoeleweka. Watu huziba taa kwa karatasi.

Halafu ndiyo kuchomoka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi la gari dogo huzunguka karibu mara 700 kwa dakika. Gololi zisipokuwa na grisi, chuma kinasugua chuma, kinageuka rangi ya bluu, kinalainika, na kikishalainika kinaliwa haraka. Kizuizi kinachotenganisha gololi kinavunjika. Mbele, habu itashikiliwa kwa muda na shafti pamoja na kaliparo ya breki, yaani chuma kinachobeba pedi, huku inajikata. Kwenye magurudumu ya nyuma ya magari haya hakuna shafti: pete zikiachana, habu, ngoma na tairi vinaondoka pamoja.

Kwa lori ni balaa kubwa zaidi. Tairi la lori pamoja na rimu yake hukaribia kilo 100. Likichomoka halianguki chini likalala. Linaendelea mbele kwa mwendo uleule wa gari, linadunda, na barabara zetu zina watu pembeni kila mahali: wauza machungwa pale Muheza, wanafunzi wanaorudi nyumbani, bodaboda waliopaki wakisubiri abiria.

## Kuisikia kabla haijacheza

Beringi haifi ghafla. Huanza na mvumo mzito unaofanana na tairi lenye kashata (vinundu vya mpira) kubwa, unaoanza kwenye kilomita 40 au 50 kwa saa na kupanda kadiri mwendo unavyopanda. Unafuata mwendo wa gari, si mzunguko wa injini: weka gia huru gari ikiwa inatembea mahali salama, na kama mvumo unabaki vilevile, injini haihusiki.

Kwenye barabara tupu, yenye lami nzuri na nafasi, pinda polepole kulia kisha kushoto. Ukipinda kulia uzito unaegemea kushoto. Mvumo ukikolea hapo, shuku beringi ya kushoto. Ukikolea unapopinda kushoto, shuku ya kulia. Si kanuni isiyokosea, hasa kwa beringi za safu mbili, lakini inapunguza kubahatisha.

Tairi lililolika kwa mawimbi nalo huvuma, na limewafanya watu wengi wanunue beringi wasizozihitaji. Sauti ya tairi hubadilika ukihama kutoka lami laini kwenda lami ya kokoto. Ya beringi haijali. Ukibaki na shaka, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma. Mvumo ukihama, tatizo ni tairi.

Kisha inua gari. Paki mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu yanayobaki chini, na baada ya jeki weka stendi ya chuma. Jeki peke yake si ya kuamini mtu akiwa ameingiza mkono. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki uilinganishe. Mchezo ukipotea kwa breki, ni beringi, kwa sababu breki imeifunga diski na chuma cha nyuma kuwa kitu kimoja. Ukibaki, angalia boli jointi, kile kiungo kinachounganisha gurudumu na mkono wake wa chini. Shika kushoto na kulia: mchezo unaoonekana huko tu mara nyingi ni wa tairodi, fimbo ya usukani.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji chombo. Zungusha tairi kwa mkono mmoja, na mkono mwingine uweke kwenye springi ya shokapu. Springi inabeba mtetemo vizuri. Beringi nzima huisikii. Iliyoanza kubanduka utaisikia vidoleni kama mchanga unaosagwa, hata kama bado haichezi na masikio hayasikii kitu.

Kwa wenye malori na mabasi, desturi ya kugusa habu gari inaposimama Segera ni desturi njema. Usiweke kiganja moja kwa moja, sogeza kwanza nyuma ya mkono. Linganisha kushoto na kulia kwa ekseli moja. Habu moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, aidha beringi inaungua au breki inashika, na yote mawili yanatosha kukuzuia usiondoke.

Mtu ataniuliza, naweza kutembea nayo kilomita ngapi? Mvumo bila mchezo wala joto: peleka gari gereji iliyo karibu, taratibu, bila abiria wala mzigo. Mchezo unaoshikika kwa mkono, mkwaruzo, au harufu ya grisi inayoungua: gari isimame ilipo, ije kubebwa. Hapo sina idadi ya kilomita ya kumpa mtu.

## Kinachoziua hapa kwetu

Mzigo kwanza. Umri wa beringi ya gololi hupungua kwa mchemraba wa mzigo. Ongeza mzigo kwa robo tu, umri unapungua kwa karibu nusu. Uongeze mara mbili, unabaki na sehemu moja ya nane. Gari iliyoundwa kwa watu 5 inapopakia watu 8 na magunia ya viazi, hesabu hiyo inafanyika kimya kimya kila siku.

Rimu pana zinazotokeza nje, na zile spesa (vipande vya chuma kati ya habu na rimu) zinazowekwa ili tairi lijae kwenye matao, zina ubaya uleule kwa njia nyingine: zinasogeza uzito nje ya mstari ambao beringi iliundiwa, na safu moja ya gololi inabeba mzigo wa nyingine.

Matuta na mashimo huacha alama. Tairi likipiga ukingo wa shimo kwa kasi, gololi zinagandamiza njia na kuacha vidimbwi vidogo. Siku hiyo hutasikia kitu. Kila kidimbwi baadaye kitaanza kumega chuma.

Na maji, ambayo sisi wa pwani tunayo mengi. Wakati wa masika gari linatoka safari, habu ni ya moto, linaingia kwenye maji yaliyotuama mtaani. Habu inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kufyonza maji kupita kwenye sili. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Wanaoshusha boti kwa trela pale ufukweni huzamisha habu za trela zikiwa bado na joto la barabarani. Waziache zipoe kabla ya kuingia majini, wazisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, na wazifungue kuzipaka grisi mpya mara nyingi kuliko gari la kawaida. Wanaoosha magari kwa mashine wasielekeze mdomo wa maji kwenye sili.

Kuhusu grisi, kwa beringi zinazofunguliwa: ile ya kawaida ya kalsiamu, ya bei nafuu, huyeyuka karibu na nyuzi 100 na haifai kwenye habu yenye breki za diski. Ya lithiamu huyeyuka karibu na nyuzi 190, na lithiamu kompleksi juu zaidi ya hapo. Usichanganye mpya na ya zamani ya aina nyingine, osha kwanza. Sindilia grisi ndani ya rola kabisa, lakini usijaze habu nzima. Theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi inatosha. Ikijaa, inasukwa na kuchemka yenyewe.

## Kuifunga mpya bila kuiua

Beringi nyingi mpya hufa siku ileile zinapofungwa, kwa nyundo.

Unapoisindilia kwenye chuma kinachoishika, nguvu ipite kwenye pete ya nje. Unapoingiza habu, pete ya ndani iwe imeegemezwa kwa chini. Ukisukuma pete moja ili nyingine iingie, nguvu yote inapita kwenye gololi na unaacha vidimbwi vilevile vya kwenye mashimo, tena kwa mpangilio. Kwa hiyo ni presi, au skrubu ya kuvutia. Gereji isiyo na presi ifungue kile chuma kizima na kukipeleka kwa mwenye presi. Si aibu, mafundi wazuri hufanya hivyo.

Beringi ya zamani inapotoka, mara nyingi kipande cha pete ya ndani hubaki kwenye habu, na kinakatwa kwa grainda. Hapa umakini unatakiwa sana. Grainda ikigusa habu yenyewe ikaacha mkato au ukingo ulioinuka, pete mpya haitakaa sawa. Kata karibu kumaliza, kisha ipasue kwa patasi.

Kama beringi ina sili yenye sumaku kwa ajili ya ABS, upande wa sumaku ndio unaotazama sensa. Ukiufunga kinyume, taa ya ABS itawaka na kazi yote itarudiwa. Usiupitishie sumaku wala kuuweka kwenye vumbi la chuma.

Gari lisishushwe chini likabeba uzito kabla nati ya shafti haijakazwa. Mwenzako akanyage breki, ukaze tairi likiwa hewani. Tumia spana ya kupima mkazo, na nati iwe mpya kama ni ya kugongwa ukingo. Nati za rimu za Toyota ndogo ni newtonmita 103, nazo zipimwe tena baada ya siku ya kwanza ya safari.

Beringi mtumba iliyotolewa kwenye gari jingine sishauri mtu anunue. Kuitoa kwenyewe, kwa presi au kwa nyundo, kulipitisha nguvu kwenye gololi zake.

## Iombe beringi ya zamani

Ukibadilishiwa, omba uliyotolewa. Ifungue, ifute kwa mafuta ya taa, tazama njia za gololi kwenye mwanga.

Magamba yaliyobanduka upande mmoja wa njia ni uchovu wa mzigo. Kutu ya kahawia na grisi yenye rangi ya maziwa ni maji. Sili ndiyo ya kuchunguza, na tabia ya kuosha gari. Vidimbwi vilivyopangwa kwa umbali sawa na wa gololi ni fundi aliyetangulia na nyundo yake. Rangi ya bluu ni joto, na hapo ukague breki ya upande huo kama inaachia vizuri, la sivyo mpya itaungua kwa njia ileile.

Mwisho tazama ndani ya pete ya ndani, mahali inapokaa kwenye habu. Ikiwa imeng'aa na ina mikwaruzo ya mzunguko, pete ilikuwa inazunguka juu ya habu, na habu yenyewe imelika. Mwambie fundi aipime kabla ya kuingiza beringi mpya. Ikiwa mpya inaingia kwa mkono bila presi, habu hiyo nayo inunuliwe.